Sato Wako Bado Wanahema Vizuri

Mama,

Shikamoo. Najua barua hii haina posta, lakini ni wewe uliyenifundisha kwamba kazi isiyotolewa taarifa ni nusu ya kazi. Basi pokea taarifa: sato wako wako hai.

Siku ya tatu ya msiba wako nilikuwa kwenye mkeka kama mfiwa anavyotakiwa, naletewa hata maji ya kunywa. Mfiwa hashiki kazi. Kumbe mdogo wako Nyemo, aliyetoka Mpwapwa kuja kukuzika, alikuwa anawalisha samaki wako. Kila sufuria ikibaki na ukoko wa ugali au wali wa watu, anamwaga bwawani. Huruma tu. Alisema, "Na wao wamefiwa, wasishinde njaa."

Ungemsikia ungecheka, halafu ungemfukuza. Chakula kile kilioza, kikamaliza hewa yote majini. Na tangu uondoke hakuna aliyekuwa amemwaga maji kwenye debe lako la matundu, lile ulilolitundika juu ya bwawa. Hata mimi. Nilikuwa nimekaa nalia.

Asubuhi ile mawingu yalikuwa yametanda Nzuguni yote. Nikapita kwenda chooni, nikawaona. Wote wamepanda juu, midomo wazi, wanatafuta hewa. Mama, mdomo ule nilikuwa nimeuona hospitalini wiki ile ile, ni wako, chini ya barakoa ya oksijeni. Wewe nilishindwa kukuongezea pumzi. Nikasema hawa hapana.

Nikajifunga kitenge kiunoni, nikaingia bwawani. Nikaopoa ule ukoko kwa kipande cha chandarua, unanuka kama pombe iliyochacha. Kisha nikapanda ngazi yako ya matofali, nikawa nachota maji yale yale ya bwawa na kuyamwaga kwenye debe, yashuke kwa matone kama mvua, kila tone lirudi na hewa yake. Wazee chini ya turubai wakaanza kunong'ona. Mama mdogo akaja mbio: "Wee Sechelela, mama yako hata wiki hajamaliza kaburini, unacheza na maji?"

Nikamjibu kwa maneno yako: "Samaki hafi kwa njaa, anakufa kwa maji yaliyolala." Akaitazama ile midomo. Alilia kidogo, akavua kandambili, akashika ndoo.

Hapo ndipo ningependa ungekuwepo. Wale wale waliokuwa wakikutania, "Mgogo na samaki wapi na wapi, si ufuge ng'ombe," walijipanga kutoka bwawani hadi kwenye debe, ndoo zikapita mkono kwa mkono. Wanakwaya nao wakaingia kwenye mstari, wakaimba wimbo wa mazishi kwa kasi ya watu wanaotwanga. Mchungaji alilowa suruali hadi magotini. Jua lilipofika utosini, sato walikuwa wameshuka chini. Tulipoteza tisa. Tisa tu, Mama, na wote nimewazika kwenye tuta lako la mchicha.

Nakuambia haya kwa kujidai, na sioni aibu. Sasa nina pampu ndogo ya sola, umeme ukikatika yenyewe inaendelea kutoa mapovu. Debe sijalishusha. Siku za mawingu namwaga kwa mkono, maana pampu haina jua na mimi ninalo debe. Mama mdogo naye amechimba bwawa lake Mpwapwa. Ukoko anawapa kuku.

Juzi alikuja mzee mmoja kutoka Kondoa, samaki wake walikuwa wanapanda juu kila alfajiri. Alifika getini akabisha hodi, akasema anamtafuta yule mwalimu wa samaki. Nikageuka nyuma nikuite. Nimegeuka kabisa, Mama, na mdomo nimeshaufungua. Kisha nikamkaribisha, nikamvutia kigoda pembeni ya bwawa, nikaanza kumfundisha pale ulipokuwa unaanzia wewe.

Pumzika, Mama. Lala wewe. Maji sitayaacha yalale.

Mwanao,
Sechelela