Prosesa Inayoniweka Ugweno

Ugweno, Jumapili baada ya ibada

Baba yangu mpendwa,

Marahaba. Naitikia mapema kabisa, maana najua, mwanangu, ukifungua barua hii utaniamkia hata kama sipo. Habari za hapo nyumbani? Mkeo Namsifu amepona kile kikohozi? Na mjukuu mwenye jina langu, anatembea sasa au bado anashika ukuta? Mvua imepanda huko kwetu Mamba, au inaishia Same kama mwaka ule? Mimi ni mzima. Magoti yananisumbua kidogo kwa ajili ya baridi na hii miteremko, lakini ni mzima.

Utashangaa kuona barua wakati simu ipo. Nimeandika kwa sababu kwenye simu huwa nadanganya. Ukiniuliza, "Mama unaendeleaje?" nasema, "Vizuri sana, huku wananipenda." Na wewe unaweka sauti kubwa ili Namsifu asikie, na shangazi yako akiwepo naye anasikia, sasa mimi nitasema nini? Kwenye karatasi hakuna anayesikia ninavyohema. Usicheke mwandiko wangu, unajua niliishia darasa la nne, na kalamu yenyewe nimeazima kwa mwinjilisti.

Baba, huku niko peke yangu. Tangu nije kumuuguza huyu Bibi kahawa imechumwa mara mbili. Si kwamba wananitesa, hapana. Nakula nikashiba, nalala kwenye godoro zuri kuliko la kwetu. Ila Bibi uzee umemnyang'anya Kiswahili chote, kimebaki Kigweno tu, na Kigweno si kama Kipare chetu, hata nikitega sikio vipi sishiki kitu. Yeye ananiambia lake, mimi namjibu langu, tunaelewana kwenye chai na kwenye kugeuzwa kitandani tu. Kuna jina ananiita. Nikadhani ndiyo namna ya kusema mwuguzi, nikauliza jirani, kumbe ni dada yake aliyekufa zamani. Basi naitika.

Kanisani mahubiri ni ya Kiswahili, nafurahi. Lakini tukitoka nje wanarudi kwenye lugha yao, wanasimama pale chini ya ukuta wanapiga hadithi, wakicheka nami nacheka, wakinyamaza nanyamaza. Wananiita Mama wa Mamba. Jina langu hapa halijui mtu, isipokuwa mwinjilisti aliyeliandika kwenye daftari la washarika.

Wiki iliyopita nilikwenda sokoni kumtafutia Bibi ndizi laini. Nikasikia mwanamke anagombana na mteja, na akageuka pembeni akamsema kwa Kipare cha kwetu. Baba, miguu ilikwenda yenyewe. Nikamkuta mama mmoja amekaa na gunia la tangawizi.

"Dada, chukua tangawizi ya Mamba!" akaniambia.

Nikamjibu kwa Kipare, "Ya Mamba sehemu gani?"

Akanitazama juu mpaka chini. "We! Umeolewa huku?"

"Nauguza mtu. Nipimie."

"Mtu wa Mamba unanunua tangawizi? Kwenu mmehamisha mashamba?"

"Nipimie tu, dada yangu."

"Sikupimii hata kidogo. Chukua hiki kipande bure, nisije nikasimuliwa huko nyumbani kwamba nimemuuzia mtu wa Mamba tangawizi!"

Tukacheka mpaka watu wakageuka. Ndiyo mara ya kwanza tangu nije nacheka nikijua ninachekea nini. Anaitwa Mama Nakijwa, anatoka kule bondeni chini ya zahanati, anakuja soko la huku na kurudi. Ndiye atakayekuletea barua hii, mpe chai na umkalishe ndani, usimwache mlangoni. Mimi siku ile nilikaa naye mpaka gunia likaisha, Bibi akachelewa kula. Nilirudi nikikimbia kwa aibu.

Sasa nije kwenye neno lenyewe. Ni hiyo prosesa.

Siku naondoka nilisema mbele ya shangazi yako kwamba naenda kufanya kazi hii mpaka tupate prosesa ya kompyuta yako, halafu narudi. Najua umesahau, ulikuwa unafunga mzigo wangu kwenye bodaboda na kamba inakatika. Mimi sijasahau hata siku moja. Uliponionyesha kwenye simu nikashangaa, kadude kadogo namna ile, kama biskuti ya mtoto. Nikasema moyoni, hako ndiko kanakokwenda kuniweka Ugweno.

Hela ya kununulia ilitimia zamani, iko kwako. Lakini uliponipigia ukasema, "Mama, tusubiri kidogo, linatoka toleo jipya, hili la sasa litashuka bei." Nikasema, sawa Baba. Likatoka, bei ikashuka kweli. Ukasema, "Mama, afadhali tusubiri tuchukue hilo jipya lenyewe." Nikasema, sawa Baba. Kisha ukagundua hilo jipya haliingii kwenye bodi yako, ile sahani ya ndani linapokaa, linataka bodi nyingine na ramu nyingine, ile kumbukumbu yake, na ramu nazo zimepanda, ukasema tusubiri zishuke. Nikasema, sawa Baba. Kila ukikata simu nakaa kwenye kigoda jikoni, najiongezea miezi.

Kosa ni langu. Umebeba jina la baba mkwe wangu, na tangu siku uliyozaliwa nimekuita Baba, na yule mzee mimi sikuwahi kumkatalia neno mpaka anakufa. Alikuwa akisema kesho, ni kesho. Basi na wewe ukisema tusubiri, mdomo wangu unaitika wenyewe kama vile ndiye yeye amekaa pale barazani. Na wewe kwa kuwa nasema huku nipo vizuri, ukaona haraka ya nini. Kila mmoja anamwonea mwenzake haya, na siku zinakwenda.

Halafu nikasikia la kipaimara. Hukuniambia wewe, aliniambia Namsifu, usimgombeze. Kwamba wazazi wa usharika wetu wenyewe, watoto uliowapiga picha tangu ubatizo, wamemleta mtu wa video kutoka Same, kwa sababu kompyuta yako inazima katikati ya kazi na watu wanangoja video za harusi zao mpaka bibi harusi ana mimba. Namsifu alisema ulikaa nyuma kanisani siku hiyo, ukatoka kabla ya sadaka ya mwisho. Hilo limeniuma kuliko baridi yote ya huku.

Mimi prosesa siijui. Niliogopa nisije nikakupa neno la mjinga ukaharibikiwa. Kwa hiyo binti wa Bibi, yule anayefanya kazi ofisini Arusha, alipokuja kumwona mama yake, nikamvizia jikoni tukimenya ndizi.

"Prosesa?" akasema. "Mama wa Mamba, wewe na prosesa wapi na wapi?"

"Ni ya mwanangu. Anunue sasa au asubiri?"

"Anafanyia nini?"

"Video. Harusi, kipaimara, na misiba."

"Kazi anazo?"

"Alikuwa nazo. Zinamkimbia."

Akaweka kisu chini. "Basi ameshachelewa. Hivi vitu kila ukigeuka kimetoka kingine. Anayeweza kusubiri ni yule anayetaka cha kuchezea. Mwambie aulize fundi, bodi aliyonayo inapokea prosesa kubwa ya mwisho ipi, anunue hiyohiyo, hata kama imetumika. Bodi asiiguse, ramu asiiguse."

"Na bei ikishuka kesho yake?"

"Itashuka, mama. Kwani hiyo simu yako nayo haikushuka?"

Nikaitazama simu yangu, ile uliyoifunga na mpira isimwage betri. Tukacheka wote wawili, lakini mimi nilikuwa nayashika maneno yake moja moja ili nisije nikayapoteza kabla ya kupata karatasi.

Nilitaka nikuandikie na habari ya tangawizi, ule mwaka marehemu baba yako alipokataa tusichimbe, tukingoja wanunuzi wapandishe bei, mpaka ikaozea ardhini. Nikakumbuka kuna mwaka mwingine tulingoja vilevile, na ndiyo tukapata bati za nyumba unayolala. Kwa hiyo hiyo tangawizi haitusaidii. Isitoshe tangawizi ukiiacha ardhini inanenepa. Wateja wako ukiwaacha wanateremka Same.

Baba, nitasema neno ambalo sijawahi kukuambia tangu ulipozaliwa. Hapana. Tusisubiri. Nunua hiyo inayoingia kwenye bodi yako, wiki hii, kabla harusi za baada ya mavuno hazijagawanywa kwa watu wengine wa video. Na ukishanunua, bei ikashuka asubuhi yake, usijilaumu. Sema mama ndiye alinisukuma, hana shule, hajui kompyuta. Nitakubali, nitasema ndiyo, ni mimi.

Na kama baada ya kusoma haya yote bado unaona usubiri, basi subiri, kompyuta ni yako na wewe ndiye fundi. Lakini mimi sitaisubiri tena nikiwa huku. Nimeshamwambia binti wa Bibi kwamba mwisho wa mwezi natoka. Akasema, "Nani atamgeuza mama yangu kama wewe?" Nikalia, naye akalia. Ila nimemtafutia mjane mmoja wa hapa jirani, mpole, mwenye mikono ya nguvu, na nimemfundisha upande gani haumuumi. Jana alikaa na Bibi, wakaongea Kigweno mchana kutwa. Bibi alikuwa anauliza na anajibiwa. Mimi nilikuwa nje naanika nguo, nikasikia anacheka, sikuwahi kumsikia akicheka. Nikaona hata yeye alikuwa peke yake humu ndani na mimi.

Usifikiri nimekasirika. Nisingekuja huku kama si kwa kupenda. Lakini mwenye jina langu, mara ya mwisho mliponionyesha kwenye simu, alitazama uso wangu akalia, akajificha kwa mama yake. Mkasema ana usingizi. Nikasema ndiyo, ana usingizi.

Nisalimie shangazi yako, mwambie goti nalipaka ile dawa yake ya majani na inasaidia. Msalimie mchungaji, na wanakwaya wa kina mama, waambie nafasi yangu kwenye benchi wasimpe mtu. Mzee jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji mwambie zamu yangu ya maji nitaichukua mwenyewe. Namsifu mwambie ahsante kwa yale aliyonificha, na kwa lile la kipaimara ambalo hakunificha. Mtoto mbusu kwenye paji la uso, na umwambie ni mimi, hata kama haelewi.

Siku ya kutoka nitateremka mpaka Mwanga, nipande basi la Same, halafu nitafute usafiri wa kupanda Mamba. Ulisema siku zote ungekuja kunipokea stendi ya Same. Njoo, nitafurahi. Lakini kama siku hiyo umepata harusi, usije. Nitashuka nitazame huku na huku, nisipokuona nitajua upo kazini, na nitapanda mlima mwenyewe nikiwa na raha kuliko ningekukuta umesimama pale.

Ni mimi mama yako,
ninayefunga mizigo kidogo kidogo Bibi asijue.