Glavu za Gathoni

Jumamosi, 3 Agosti 2024

Nimesikia sauti ya baba leo. Kwa mara ya kwanza — au ya kwanza ninayoikumbuka, maana alikufa kwa ajali nikiwa bado nabebwa mgongoni. Jina langu lilikuwemo katika maneno yake ya mwanzo kabisa. Na alikuwa anamtaja mwuaji.

Niandike kwa utaratibu, kama mama alivyonifundisha. Alikuwa mwalimu wa Kiswahili kule Naivasha kabla hatujaja Sydney na yeye akaanza kuwaogesha wazee wa Minto. Bado ana kalamu nyekundu.

Kanda niliitoa kwenye sanduku lililo chini ya kitanda chake. Ilifungwa kwa leso. Sikuomba ruhusa. Mwaka mzima nimekuwa nikisoma kuhusu filamu hizi — giallo, za Waitaliano, za miaka ya sabini. Glavu nyeusi, wembe, koti la mvua, na mwuaji ambaye humjui hadi avuliwe glavu. Nilipoona jina lililopigwa chapa kwenye kanda, Il pettine di vetro, nililisoma mara tatu. Kitana cha Kioo. Mashabiki wameitafuta tangu mama akiwa mtoto. Nakala wanayoijua inakatika kabla mwuaji hajajulikana. Wanabishana mpaka leo: ni daktari, ni mke wa daktari, ni kasisi.

Nikaipeleka Seven Hills, kwa Maxwell. Duka lake liko nyuma ya gereji, anauza filamu za zamani tu, na Jumamosi mchana mashabiki hukutana chumba cha nyuma. Wanaume tu. Nilisalimia. Clifford, yule mwenye ndevu na maneno, akauliza kama nimeleta biskuti za skauti, zile wasichana huuza mlango kwa mlango. Wakacheka. Kisha akaona kilichokuwa mkononi mwangu, akafunga mdomo. Hilo lilinifurahisha kuliko inavyofaa.

Maxwell akaitia kwenye deki. Mvua, taa, reli za tramu. Picha nzuri ajabu. Halafu, juu ya muziki wa Waitaliano, mtu na mikrofoni:

"Haya, tulieni huko nyuma! Wewe wa mahindi, toa kichwa! Huyu ndiye steringi, anaitwa Kamande wa Roma, ametoka kazini, viatu vimelowa."

Glavu nyeusi zikashika mlango wa tramu.

"Mnazijua hizo glavu? Mnazijua! Gathoni huyo! Gathoni ameingia shifti!"

Na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Watu wengi, benchi zinagonga.

Clifford akataka kujua huyo mpayukaji ni nani. Nikasema ni baba yangu. Akasema pole, lakini azimwe. Maxwell akazima sauti. Hivyo tu. Kama kufunga bomba.

Kisha akaisimamisha kanda kabisa. Unga mweupe ulikuwa ukidondoka ndani ya mashine. Ukungu. Utando unabanduka, alisema, kanda hii itapita mara moja tu, ikipita. Ana deki mbili. Ile kubwa inatoa picha safi kabisa, lakini upande wake wa sauti umekufa na kipuri hakipatikani. Ile ndogo inatoa vyote viwili, lakini picha yake inayumba na ikikutana na ukungu inageuka theluji. Picha, au baba. Hawakuniuliza. Wote waligeukia deki kubwa.

Nikaichomoa kanda yangu nikaondoka. Clifford akasema nyuma ya mgongo wangu kwamba nitaiua kwa ujinga.


Jumapili, 4 Agosti

Mama amejua. Leso haikukunjwa anavyoikunja yeye.

Alingoja tutoke kanisani. Kwa kawaida huniita mami, kwa sababu nimebeba jina la mamake, Gathoni. Leo:

"Cheryl. Umeisikiliza?"

Kidogo, nikasema.

"Alisema nini?"

Nikamwambia. Gathoni ameingia shifti. Uso wake ukafungwa kama duka.

"Sikuileta kanda hiyo Australia ili isikilizwe. Niliileta ili isibaki kule ikasikilizwa."

Nikauliza kwa nini baba aliniita mwuaji. Swali la kipumbavu — sikuwa nimezaliwa. Akacheka, kicheko cha puani. "Si wewe. Ni mwenye jina." Akaichukua kanda chumbani kwake. Mlango ukabamizwa hadi picha ya ubatizo wangu ikapinda.


Jumanne, 6 Agosti

Hatusemezani. Ananiachia maagizo kwenye friji. Kwa Kiingereza. Mama! Aliyenikata alama nikiwa na miaka saba kwa kusema okei.


Alhamisi, 8 Agosti

Amenieleza. Hakunieleza kwa wema — alinieleza kama mtu anayemwaga maji machafu, huku akipiga pasi sare ya kazi.

Shosho Gathoni, bibi yangu mzaa mama, alikuwa msimamizi katika shamba la maua ya waridi. Alivaa glavu nyeusi za mpira hadi kwenye viwiko, kwa ajili ya miiba na dawa. Ukichelewa getini asubuhi, hasemi neno. Glavu moja inainuka: rudi nyumbani. Na wateja wa baba, wale waliojaa kwenye video shoo yake, ukumbi ambako alielezea filamu kwa mikrofoni, wote walikuwa wakata maua. Hakuna ambaye hakuwahi kurudishwa na glavu ile.

Na Shosho hakumtaka baba. Mtu wa kupigia sinema kelele hawezi kulisha binti ya mtu. Aliyasema hayo mbele ya wazee waliokuja kuposa, kisha akawaacha na chai yao akaenda kazini.

Kazi ya baba ilikuwa kumpa kila mtu kwenye kioo jina na nyumbani kwao. Nani angekaa kwenye benchi kumtazama Mwitaliano asiyemjua, anayesema lugha asiyoijua? Wateja walitaka kujua mapema: steringi nani, adui nani. Lakini filamu ile inamficha adui hadi mwisho. Baba hakuweza kuwaweka watu bila adui. Glavu zikatokea. Akatoa jina lililokuwa karibu zaidi na glavu.

Tangu kesho yake, Shosho akipita, mtu anajichana nywele. Kwa kuwa mwuaji wa kwenye filamu anaua kwa kitana. Watoto pia. Hata getini, foleni nzima ya wafanyakazi, wakimtazama machoni — wanajichana. Hadi siku anastaafu.

Mama alikuwemo ukumbini siku baba alipoirekodi sauti yake juu ya filamu. Alitoka pale glavu zilipotokea. Hakuona mwisho. Jirani mmoja akamwambia kwamba mwishoni Njenga, yaani baba, alisema jambo likanyamazisha watu. Mwingine akasema hapana, alimtukana Shosho zaidi. Mama alipomwuliza, baba alisema neno moja: sikiliza. Hakusikiliza. Mwanzoni kwa hasira. Baadaye kwa kuwa amekufa.

Nikauliza, basi mimi?

Akaisimamisha pasi. Mimi ni binti wa kwanza, kwa desturi yetu nilipaswa kubeba jina la mama wa baba. Kila mtu anajua hivyo. Baba akakataa. Akasema huyu ni Gathoni, na asiyetaka asije ubatizoni. Mamake mwenyewe akasusa. Na Shosho alipopelekewa habari akasema: "Sasa ananidhihaki hata kwa damu yangu." Hakunibeba hata siku moja. Amezikwa bila kunigusa.

Harufu ya kitambaa kilichoungua. Hakuna kati yetu aliyetazama pasi.


Ijumaa, 9 Agosti

Clifford ameandika kwenye ukurasa wa mashabiki. Hajanitaja jina, mtaa wetu tu. Eti "mtoto fulani wa Granville" ameikalia filamu ya karne kwa sababu kuna Mwafrika anaipigia kelele. Mmoja akajibu kwamba huo ni uharibifu, kama kuchora masharubu kwenye picha ya kanisani. Mwingine akauliza anwani yangu. Kwa mzaha, alisema.

Nami nikaandika. Aya nne. Nikaeleza kwamba wao wameitazama peke yao, kwenye vyumba vilivyofungwa, na kule Naivasha iliangaliwa na umati, na mwenye kuielezea alikuwa fundi. Niliisahihisha mara mbili kabla ya kuituma. Jibu lilikuwa picha ya mtu anapiga miayo.

Nilidhani watu wanaopenda vitu vilivyosahaulika watakuwa wapole kwa vilivyosahaulika. Sijui nilidhani hivyo kwa nini.


Jumamosi, 10 Agosti

Nilikwenda Seven Hills mikono mitupu, kuongea na Maxwell peke yake. Si mtu mbaya. Alinipa chai kwenye kikombe kichafu. Akasema picha ni ya dunia, sauti ni yangu tu, je, ni haki? Nikasema dunia ina wiki yake ya kuzaliwa, mimi nina jina tu na sijui limetokana na nini. Hilo la wiki ya kuzaliwa halina maana. Lilinitoka tu.

Akakuna shingo. Akasema mwenye kanda ndiye atakayechagua deki. Nikasema ni mimi. Akasema hapana, mwenye kanda ni mama yako. Mlete.

Clifford aliingia nikitoka. Aliniuliza biskuti ziko wapi.


Jumatano, 14 Agosti

Nimemwomba mama. Nilingoja ale kwanza.

Alisema hapana kabla sijamaliza. Nikaendelea. Akasema nafanana na Njenga, sina breki mdomoni. Nikasema nimechoka kuwa jina la ugomvi ambao sikuwepo. Akasimama.

"Unataka kujua kama ulipewa jina kwa msamaha au kwa matusi."

"Ndiyo, mama."

"Na ikiwa ni matusi?"

"Basi nitajua."

"Wewe utajua. Mimi ndiye nitakayeishi nayo. Niliolewa na mtu huyo mama yangu akilia, Cheryl. Usiniambie utajua."

Akaosha sahani yangu nikiwa bado nakula.


Alhamisi, 15 Agosti

Friji tupu. Hata agizo hakuna.


Jumamosi, 17 Agosti

Naandika magotini, chumba cha nyuma kwa Maxwell. Wamefunga mapazia, lakini mwanga wa mchana unaingia pembeni. Unatosha.

Asubuhi nilikuwa nakuja kumwambia Maxwell asahau. Pale stesheni ya Granville mama akatokea kwenye ngazi, ametoka shifti, bado na sare, leso mkononi. Sikumwuliza. Tulipita Parramatta, tukapita Westmead. Karibu na Toongabbie akasema, "Kaa wima."

Clifford alikuwa amekalia kiti cha mbele, miguu juu ya kingine. Alimsalimia mama polepole na kwa sauti kubwa, kama anaongea na kiziwi. Mama alimwambia ashushe miguu. Anawaambia watu wa namna yake wiki nzima. Akaishusha.

Maxwell akaeleza tena habari ya deki mbili. Mama akauliza ni ipi inayosema. Akaonyeshwa ndogo.

"Hiyo."

Clifford akaanza. Kwamba ni jinai. Kwamba watu wamezeeka wakiingoja picha hii, na mwanamke mmoja anaiharibu kwa ajili ya kelele za sokoni. Mama akamtazama, akaniambia mimi, kwa Kiswahili: "Njenga alitukanwa na watu wenye akili kuliko huyu." Clifford akauliza amesemaje. Nikasema amekushukuru.

Kanda inapita. Nimemsikia baba akimpa daktari jina la mwuza nyama wa Naivasha. Amemwita kasisi Mchungaji Bahasha. Mama alikohoa. Si kikohozi, ni kicheko alichokiziba. Ameshika mkoba kama mtu aliye kliniki akingoja jina lake, na glavu zilipotokea mlangoni mwa tramu — "Gathoni ameingia shifti!" — alifumba macho. Lakini hakusimama. Mara ile alisimama. Nilikuwa namtazama miguu.

Nusu ya pili ukungu umezidi. Mistari mieupe, kisha theluji. Clifford anasema isimamishwe, ihamishiwe deki kubwa sasa hivi, kilichobaki ndicho ambacho hakuna aliyewahi kukiona, wenye wazimu nyie. Maxwell akapeleka kidole kwenye kitufe.

"Gusa uone," mama akasema. Hakutafsiri. Kidole kilirudi.

Sasa ni tramu ileile. Kamande wa Roma amemkamata mwuaji kwenye ngazi, nadhani ni yeye, naona kivuli kinashika kivuli. Glavu nazijua kwa weusi wake tu. Clifford amesimama, uso karibu uguse kioo, anasema haoni, haoni. Kule ukumbini wanapiga miguu chini. Wanaliita jina. Ga-tho-ni. Ga-tho-ni. Jina langu lote, watu wote wale.

Baba anawaambia tulieni. Hawatulii. Anagonga mikrofoni.

"Tulieni! Nimesema tulieni. Huyu mtu nataka kumtaja vizuri."

Wametulia. Hata benchi.

Mama ameweka kiganja juu ya spika, anavyopima mtu homa.

Glavu inaanza kuvuliwa, kidole cha kwanza. Baba anavuta pumzi.

"Mami," mama anasema, "acha kuandika, njoo