Siku za Mwiko za Kadi Yangu

Haines City, Florida
Jumapili

Kwako dada yangu Verlene,

Salamu nyingi zikufikie huko Kentucky, na zisiteleze kwenye theluji ya mlangoni pako. Goti lako linaendeleaje? Na yule paka mwenye kiburi, bado anakula kabla yako? Mimi ni mzima. Macho yanaona, masikio yanachagua la kusikia, na meno hayaniumi kwa kuwa ni ya dukani. Tangu mke wangu Oneida atangulie mbele ya haki najipikia mwenyewe, na kaburi bado halijaniita.

Zawadi yako ya siku yangu ya kuzaliwa imefika. Niliifungua palepale posta, kumbe ni kadi ya mwaka ya kuingilia bustani ya bembea na michezo ya hapa kwetu, tena ile kubwa isiyo na siku hata moja iliyofungwa! Mzee mmoja kwenye foleni akaniambia, “Hollis, sasa utaingia hata Krismasi, kama mtoto wa tajiri!” Nilicheka naye. Kisha nikasoma barua yako kwamba umeshona mablanketi ya watu majira yote ya joto ili uipate, kwamba umechoka na habari za siku za mwiko, zile ambazo kadi yangu haifungui lango, na kwamba Krismasi ijayo unakuja hata nikijificha chini ya kitanda. Basi nikuambie, dada, chini ya kitanda ndipo ninapostahili.

Kadi za sisi watu wa chini unazijua. Zinakufungulia lango siku ambazo hakuna mwenye akili atakayekuja, jua likikaanga lami au mvua ikinyesha kama imelipwa. Ikifika Krismasi au Pasaka, watu wakijaa, lango linakununia. Ndivyo nilivyokuwa nikikujibu kila mwaka ulipopiga simu kuuliza kama uje. Nilikuwa nikikohoa kidogo, halafu nasema ningependa sana, ila bustani imenifungia. Na wewe, unayependa bembea kuliko kanisa, ulikuwa ukinijibu, “Nisafiri kote huko kuja kukutazama wewe? Uso huo naujua!” Ukicheka, nami nikicheka.

Lakini jirani yako Imogene aliniandikia kwamba Krismasi hii iliyopita alichungulia akakuona jikoni, unakula maharagwe na mkate wa mahindi umesimama, koti mwilini. Sijamjibu mpaka leo.

Sasa nisikilize kabla hujarusha kitu. Siku niliyonunua kadi yangu, binti wa dirisha la tiketi alinionea huruma. Alisema, “Babu, ongeza kidogo tu upate iliyo wazi mwaka mzima.” Nikamuuliza kama hana yenye siku nyingi zaidi zilizofungwa. Alicheka mpaka akashika meza, akidhani ni utani wa kizee. Sikuwa natania. Mimi nilinunua siku zilizofungwa, dada. Zile zilizo wazi nilipewa kama nyongeza.

Nilizinunua kwa sababu ya Dewitt.

Ndiyo, Dewitt huyohuyo, mume wako aliyekuacha sufuria ikiwa motoni akamfuata yule mwanamke wa saluni. Nakumbuka tulivyoapa mezani kwa Mama kwamba hakuna atakayempa hata maji ya kunywa, na mimi ndiye niliyeapa kwa kelele kuliko wote, nikagonga meza mchuzi ukamwagika. Yule mwanamke alimtupa zamani. Mwaka ule nilipomzika Oneida, nilimkuta Dewitt kwenye benchi la bustani, peke yake, anaguguna hindi la kuchoma. Nikamwendea nimtukane. Nilianza vizuri sana, mpaka mama mmoja akawaziba wanawe masikio. Yeye akanisikiliza hadi mwisho, akasogea, akasema, “Kaa, Hollis. Matusi yaliyobaki yanahitaji pumzi.” Nikakaa. Nimekaa mpaka leo.

Kadi yake ni kama yangu. Krismasi tukifungiwa sote wawili, naenda kwenye kibanda chake cha magurudumu, tunakaanga nyama ya nguruwe, tunacheza karata na ananiibia waziwazi. Nacheka huko, dada, nacheka kweli. Na simu yako ilikuwa ikinikuta hukohuko. Namwonyesha kidole anyamaze, nakohoa kikohozi changu, nakudanganya, kisha naokota karata zangu. Krismasi hii aliniuliza ni nani. Nikasema watu wa bima. Akanitazama. “Watu wa bima hawapigi simu Krismasi, Hollis.” Akalaza karata zake chini, na hakucheza tena siku ile.

Kumsamehe yule mzee si dhambi, hata mchungaji angenipa mkono. Dhambi ni kwamba nilimsamehe kwa kutumia Krismasi zako. Wewe ulilipa kwa kula umesimama, na hukuulizwa. Nimezoea kufanyia utani kila kitu, lakini hili nimeligeuza huku na huku na sijaona pa kucheka.

Nimemwambia Dewitt kwamba nakuandikia. Hajaomba kiti mezani wala msamaha. Amesema tu nisikudanganye tena kwa ajili yake, kwani makosa yake mwenyewe yanamtosha. Ukija, utamwona ukitaka, na usipotaka hutamwona. Ukiona ni mimi usiyetaka kuniona, kadi nitairudisha kwa posta, uingie nayo wewe.

Nisalimie Imogene, umwambie alifanya vyema kuchungulia. Wasalimie wa kanisani walio hai. Mungu akulinde na barafu ya ngazini.

Nijibu, dada, hata kwa mstari mmoja, hata uwe wa matusi. Ila uuandike. Usinipigie simu, nakuomba, kwa sababu kwenye simu mimi ni mwongo mzuri mno.

Mdogo wako, ukikubali bado,
Hollis