Edina, Wanataka Baba Yako Awe Mzee wa Baraza

Mwanangu Edina,

Najua ukiuona mwandiko huu utataka kuuchana. Soma kwanza, halafu uchane. Nimemtuma shangazi yako wa hapo Iyunga, Mbeya, akuletee kwa mkono, maana simu zangu hupokei, na sikulaumu.

Jina langu limependekezwa niwe mzee wa baraza katika mahakama ya mwanzo huku Mafinga, nikae pembeni ya hakimu nimsaidie kuamua kesi. Unajua sifa walizonipa? Mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa, hajawahi kushtakiwa, na zaidi ya yote, ndiye aliyekomesha utoro. Siku hizi wazazi wanafikishwa pale kwa ajili ya watoto wasiokwenda shule, basi kamati ya kata ikaona mtu wa kazi hiyo ni mimi. Nilifurahi, sikufichi. Nilipeleka hata suti kwa fundi aipunguze kiuno.

Utakumbuka nilivyoukomesha. Nilikuwa natoka na mgambo wawili mpaka kwenye viwanda vya mbao, tunawaburuta watoto kutoka kwenye maranda, tunawafunga mikono kwa kamba na kuwaswaga barabarani hadi shuleni. Fimbo zangu zilikuwa za mti wa muwati, naziloweka kwenye ndoo ya maji ya chumvi, na maji yale uliyachota wewe. Kuna mwanafunzi nilimpiga mpaka akazimia, nikammwagia maji, akazinduka, nikamalizia zilizobaki. Kisa hicho nilikuwa nakisimulia nikicheka, na watu wakicheka nami.

Halafu ikafika zamu yako. Ulikuwa darasa la saba, na mama yako alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Nilisoma majina ya watoro mstarini, lako likiwa la tatu, shule nzima ikanikodolea macho ione kama nitakupendelea. Nikakuuliza ulikuwa wapi. Ukasema kwa sauti ya chini, "Baba, naomba uniulize nyumbani."

"Hapa sina mtoto," nikakujibu. "Hapa mimi ni mwalimu. Lala chini."

Nilikupiga kumi na mbili. Ya tano ulikinga kwa mkono, kidole chako cha mwisho kikavunjika. Nilisikia kikivunjika, na sikuacha. Ulipoinuka sketi ilikuwa na damu. Nilidhani ni kazi ya fimbo yangu na, Mungu anisamehe, niliona fahari. Jioni ulikaa jikoni, kidole umekifunga kitambaa, ukaanza kuniambia jambo, nami nikakukatiza nikisema mambo ya shule yanaishia shule. Ukainuka, ukaenda kulala. Ulinyamaza miaka minne, kisha ukapanda basi la Mbeya.

Kabla ya usaili kamati iliniomba nije na ushahidi wa kazi yangu. Nikatoa madaftari ya mahudhurio niliyoyatunza, nikafungua la mwaka wako, nikafuata mstari wa jina lako. Herufi U ya utoro, kwa wino mwekundu, mwandiko wangu mwenyewe. Siku nne za U, kisha wiki tatu uko darasani, kisha tena siku nne. Januari mpaka Septemba, hivyo hivyo. Zilikuwa siku zako za mwezi, na ile damu haikuwa ya fimbo. Nimefundisha hesabu maisha yangu yote, Edina, na sikuona. Hukuwa na mama wa kukuelekeza, hukuwa na vitambaa vya kutosha, choo cha shule hakikuwa na mlango, na baba uliyebaki naye alikuwa anakuandikia U. Nililia.

Mbele ya kamati, mwenyekiti aliniuliza nitawafanya nini watoro na wazazi wao. Nikasema nitamwacha mtoto aseme mpaka amalize. Wakacheka, wakadhani natania.

"Mwalimu, wewe tunakujua," mmoja akasema. "Kwako ni fimbo tu."

Wakanipitisha wote. Jina langu likabandikwa kwenye ubao wa mtendaji wa kata, na mwenye pingamizi akapewa siku saba alilete kwa maandishi. Siku ya pili nilipeleka la kwangu. Nimeandika kamba, ndoo ya chumvi, yule aliyezimia, na kidole chako. Siri yako sikuiandika. Iko humu tu, kati yako na mimi.

Sikuombi urudi, wala unijibu. Nimesikia una binti anayeanza shule mwakani. Ukitaka asinijue kabisa, nitaelewa, ingawa itaniuma.

Baki salama, mama. Siku saba zimeisha leo, na nimepita ofisini kwa mtendaji kuuliza. Watoto niliowapiga ni watu wazima sasa, wengi wako hapa hapa mjini, na ubao ule wanaupita kila siku. Pingamizi lililoletwa ni moja tu, la kwangu.

Ni mimi,
Baba yako