Siku Nne za Kula Chokoleti Bruges

Jumapili, 8 Juni. Miaka kumi na moja na miezi mitatu tangu nitoke kambini Kigoma.

Hapa Granville, Sydney, leo jua linawaka bila joto. Nguo nilizoanika asubuhi bado mbichi, na mgongo wangu bado uko kwenye vigae vya jana. Kazi yangu ni kushusha maboksi ya vigae kutoka kwenye makontena, kwa mikono, na Jumapili ndipo mwili unanikumbusha wiki nzima.

Nimemaliza kuandika mpango wa safari. Siku nne katika mji wa Bruges, Ubelgiji. Ni mji wa zamani sana, una mifereji ya maji katikati ya nyumba, madaraja ya mawe, makanisa, na chokoleti kila kona. Bado sina pasipoti ya Australia, na mtu anayenielekeza mambo ya viza amesema mtalii lazima aonyeshe siku kwa siku anatembelea nini, anakula wapi, analala wapi na anarudi lini. Alhamisi nina miadi ya kupeleka karatasi na kuweka alama za vidole.

Mimi si mtalii. Mama yangu yuko Bruges, na anakufa.

Ni saratani ya tumbo. Mdogo wangu Bahati, anayekaa naye, anasema madaktari hawazungumzii tena kutibu. Wanazungumzia kupunguza maumivu.

Utaniuliza kwa nini nisiandike tu kwamba naenda kumwona mama. Nitaeleza, maana blogu hii haina jina langu, na sijapata kusikia mtu wa ofisi anayesoma Kiswahili.

Kwenye karatasi zangu, mama yangu ni mtu mwingine. Nilikuwa na miaka kumi na tano. Mama alikuwa amevuka ziwa kurudi kwetu Fizi, Kongo, kumzika baba yake, na kabla hajarudi ikafika siku ya hesabu. Kambini, asiyeonekana siku ya hesabu hayupo, na asiyekuwepo hapewi chakula. Basi mdogo wake mama, mama mdogo Faida, akaniandikisha kwenye kadi yake ya posho kama mwanawe wa kuzaa. Hakuna aliyeona ni dhambi. Watu wengi walifanya hivyo, unga ni unga. Mama aliporudi, Bahati akiwa mgongoni, alipewa kadi yake, na sisi tukasema tutarekebisha.

Hatukurekebisha. Miaka ikapita, faili ya mama mdogo ikaitwa kwa ajili ya Australia, na mimi nimo ndani yake.

Kwenye mahojiano mama mdogo aliulizwa kama ana ndugu yeyote aliye hai. Akasema wote wamekufa. Aliogopa kwamba akimtaja dada yake, swali litazaa swali, na faili itarudi chini ya rundo. Kisha mkalimani akanigeukia mimi. Ni kweli?

Nikasema ndiyo.

Wakati huo mama yangu alikuwa nje ya uzio, amekaa juu ya ndoo, ameshika bakuli la sombe, kisamvu chetu, amelifunika kwa kitenge, anatusubiri tutoke tule.

Baada ya miaka miwili faili yake nayo ikaitwa, wakampeleka Ubelgiji. Tangu hapo ni simu tu. Kila Jumapili ananiambia ameniwekea majani ya sombe kwenye friza, tayari yametwangwa, nikifika atapika. Bahati anasema yana miaka minne mle ndani, yameshikana kama jiwe, na mama haruhusu mtu kuyatupa. Yeye mwenyewe sasa anameza supu kwa kijiko.

Basi nikaandika mpango. Siku ya kwanza: uwanja mkubwa na mnara wa kengele, ngazi zaidi ya mia tatu, halafu chipsi kwenye kibanda kilicho chini yake. Siku ya pili: mashua kwenye mfereji, na jioni kome wa kuchemsha. Siku ya tatu: hospitali ya kale ambayo sasa ni makumbusho. Watu wanalipa kiingilio kwenda kuona mahali wagonjwa walipolala zamani. Niliposoma hivyo nilifunga simu nikaenda kukaa uani.

Mimi nataka kuona kitanda kimoja tu. Kiko nyuma ya stesheni ya treni, ghorofa ya pili, na Bahati anasema upepo ukivuma kutoka mjini mama anasikia kengele za ule mnara.

Kuna jambo la aibu nitalisema pia. Ijumaa, wakati wa mapumziko, nilikuwa natazama picha za keki zao, zile zenye miraba, zimemwagiwa krimu na matunda. Mate yakanijaa. Kwa dakika tano nzima nilikuwa mtalii kweli. Nilijiona nimevaa koti safi, natembea polepole, mikono mfukoni, hakuna mtu ananiambia harakisha. Mzee Salvator, Mrundi ninayeshusha naye, akachungulia simu yangu.

"Eh, Mkongomani! Ulaya unaenda kutafuta kitambi? Si uniambie mimi, hata hapa Bankstown kinapatikana!"

Wote wakacheka. Nami nikacheka.

Leo baada ya ibada nikaenda Guildford, mtaa wa jirani, kwa mama mdogo. Nilitaka asikie kutoka kwangu. Nimemwita Mama tangu ile siku ya hesabu, na sasa naona hata nikitaka, ulimi haujui kumwita vingine. Alikuwa anasonga bukari, ugali wetu. Nikamwambia nimepata likizo fupi, naenda Ubelgiji, siku nne, kutembea na kula chokoleti.

"Weye? Chokoleti? Na meno yale?"

Akacheka, halafu mwiko ukasimama ndani ya sufuria.

Hajazungumza na dada yake miaka kumi na moja. Kila nikimpa simu anasema ana kazi jikoni. Siku moja tu aliniambia sababu: mtu uliyemzika kwa mdomo wako mwenyewe, unampigiaje simu?

"Amebakiza siku ngapi?" akauliza.

"Hawasemi."

"Na mimi ananisemaje?"

Nikamwambia ukweli. Kila Jumapili, kabla ya kukata simu, mama ananiuliza kama magoti ya Faida yamepona.

Mama mdogo akazima jiko. Akachukua sahani safi kwenye kabati, akaanza kuiosha. Akaosha ile sahani moja muda mrefu, kisha akasema bila kugeuka kwamba Alhamisi atakwenda nami. Atawaambia ni yeye aliyedanganya, mimi nilikuwa namtii tu. Wamfanye wanachotaka, yeye ni mzee.

Nilitamani. Sitaficha, nilitamani aseme, hata kama yangempata mabaya. Lakini nilikuwa mtu mzima siku ile niliposema ndiyo. Na kuufukua ukweli wetu kutahitaji barua, vipimo vya damu na mahojiano mengine, mwaka labda.

"Mama," nikamwambia, "yeye hana mwaka."

Tukala. Bukari lilikuwa na madonge, jambo ambalo sijawahi kuliona kwake. Nilipovaa viatu mlangoni akaniletea kitenge cha bluu, kimekunjwa vizuri, kina harufu ya sanduku. Akasema walinunua viwili sare, yeye na dada yake, siku posho ilipoongezwa. Mwambie nimekitunza. Nikasema nitakiweka chini kabisa ya begi, mtalii naye anaruhusiwa kuwa na shuka.

Akaitikia kwa kichwa, halafu akanishika mkono wa koti.

"Utarudi lini?"

Watu wa viza wameuliza swali hilohilo, kwa sababu wanaogopa nitabaki Ulaya. Yeye hakuogopa Ulaya. Niliona macho yake. Aliogopa kwamba nikishakaa mbele ya aliyenizaa, nitarudi nikiwa mtoto wa dada.

Sijui kama viza itatoka. Sijui kama mama atanisubiri. Katika mpango wote ule, mnara, mashua, kome, kuna mstari mmoja tu usio wa uongo, nao upo chini kabisa. Nikamsomea huo.

Jumatano, tarehe 23 Julai, alfajiri, natua Sydney. Saa nane mchana niko kwenye kontena. Jioni nakuja Guildford kwako, Mama, uniwekee chakula.