Mgomba wa Babu Eliaichi

Tegeta, Jumapili

Shangazi Felicitas, shikamoo.

Mie sijambo. Mvua imeharibu njia yetu, ofisini tunafika viatu mkononi. Mahindi yako tumeyapata.

Shangazi, Baba kanipigia. Ukoo umeamua Jumamosi ijayo uzike shina la mgomba badala ya mwili wa kaka Brightson, kwa kuwa tangu kikosi chake kishambuliwe kule Kongo hajaonekana, hai wala maiti. Nilipojaribu kusema, akanikata: "Wewe karani, kaa na mafaili yako. Haya ni ya wazee."

Lakini wewe ndiye uliyenisimulia. Babu Eliaichi na mdogo wake Ndelilio walikwenda wote vita vya Burma. Ndelilio akarudi peke yake, akasema mwenzake amekufa, mgomba ukazikwa. Mwaka uliofuata Eliaichi akaingia uani kwa miguu yake, na mpaka anakufa hakuna aliyethubutu kula naye sahani moja, maana kwao alishazikwa.

Naogopa kubishana na Baba. Wewe ni dada yake mkubwa, atakusikia. Mwambie wasubiri. Na kama mgomba umeshakatwa, wapeni ng'ombe waule, usizikwe.

Mwanao,
Edgar