Nilivyomnyamazia Mama Somoe

Newala,
Jumapili

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje, na mikorosho imeanza kutoa maua? Mimi mwili hauumwi. Maji huku bado ni ya kugombea, lakini hayo umeshazoea kuyasikia. Nimeandika badala ya kupiga kwa sababu simu yako unaweka spika na nyumba nzima inasikiliza, na hili naona aibu hata kukueleza wewe peke yako.

Unajua nimepewa kuwasimamia wasaidizi wa ofisi ya sheria, na mmoja wao ni Mama Somoe, mwenzako mliyechezwa naye unyago. Kila asubuhi namwamkia shikamoo, ananiitikia marahaba mwanangu, kisha natakiwa nimgawie kazi. Akichelewa, mimi namuuliza habari za nyumbani. Mwingine ni Issa, kijana wa mkataba, mkewe mjamzito. Huyo namkaripia bila shida.

Wiki hii kulikuwa na shauri la shamba kwenye baraza la ardhi. Bibi mmoja tunayemtetea, wa bondeni, upande wa Ruvuma, anadai shamba lake la mihogo limemegwa. Shahidi wetu ni mwenyekiti wa kijiji, na wito wake nilimpa Mama Somoe aupeleke. Siku hiyo maji yakatoka mtaani kwao, akakimbilia foleni na madumu yake, wito akamkabidhi dereva wa bodaboda. Haukufika. Bibi wa watu alikuwa ameupanda ule mlima kwa miguu, akaambiwa shahidi hayupo, arudi mwezi ujao. Issa ndiye aliyeninong'oneza kwamba aliuona wito ukienda na bodaboda.

Mkuu wetu akafoka, akataka kujua nani alipewa kazi ile. Mama Somoe hakuwepo. Nikakufikiria wewe, nikafikiria maneno yatakavyofika huko kwetu Chiwata, nikasema, "Ni Issa." Naye alikuwa amesimama pale pale. Aliniangalia, akainamisha kichwa. Yeye pia anamwamkia Mama Somoe shikamoo, hakuweza kumtaja. Mkataba wake ukakatishwa siku ile ile.

Mama Somoe hakuna aliyemweleza kosa lenyewe ni lipi. Aliniletea mihogo ya kuchemsha, akanisifu kwamba vijana wa siku hizi hawajali kazi na nimefanya vizuri kumtoa. Nikala, Mama. Nikala yote.

Kesho yake Issa alikuja kuchukua dumu lake la maji. Hakugomba. Aliniuliza jambo moja tu: "Dada, kama mama yangu angechezwa unyago na mama yako, ungenitaja mimi?"

Alipoondoka niliingia kwa mkuu nikasema kila kitu. Alinisema mpaka nikatamani ardhi inimeze, na alikuwa na haki. Issa ataitwa kesho arudishwe kazini, mimi na Mama Somoe tumepewa onyo. Nilimfuata Mama Somoe mezani kwake nimweleze mwenyewe kabla hajasikia kwa watu. Alinisikiliza huku anakunja kanga yake, akaikunjua, akaikunja tena.

Ijumaa asubuhi nilimwamkia kama kawaida. Akanijibu, "Salama, bosi."

Mwisho wa mwezi anakuja huko kumwona mama yake, na najua atapita kwako kunishitaki. Msikilize, usinitetee. Wala usimwambie kwamba nilinyamaza kwa kumheshimu. Ningemheshimu ningemwambia siku ile ile. Niliogopa kusemwa, basi, na kijana wa watu nikamwona hana wa kumsemea.

Nisalimie Mjomba, mwambie koti alilonipa linanifaa sana kwa baridi ya huku juu. Nisalimie wifi wa dukani na wanawe wote, na mwalimu wangu wa zamani ukimwona njiani. Bibi mzaa Mama Somoe, jirani yako, usimpelekee salamu zangu kwanza. Nitakuja mwenyewe kumwamkia, nikishajua nitamwamkia kwa uso gani.

Mwanao anayekuonea haya,
Zuhura